Kamera ya Rivasi na Kuku wa Balbina

Mimi ndiye niliyeshika tochi. Nalisema mapema ili asije mtu akaniambia kwamba kamera ile ilifungwa nyuma ya mgongo wangu. Nilishika tochi, nikashika koleo, nikampikia fundi uji wa karanga, na fundi mwenyewe alikuwa Teofili, mdogo wangu wa tumbo moja, niliyembeba mgongoni mama akiwa shambani. Walinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa wote wawili, yeye na mume wangu, na mimi nikawakaribisha uji wa pili.

Mume wangu Ildefonce aliwahi kuanguka kutoka juu ya mzigo wa mbao akaumia shingo. Ilipona, lakini ilipona imekakamaa. Akitaka kutazama pembeni anageuka na mabega yote. Kwenda mbele anaendesha vizuri kuliko madereva wengi wa Ifakara, ila kurudi nyuma ndiyo balaa. Tulikuwa na pikapu kuukuu ya Pijo, tunanunua mpunga Lupiro, ng'ambo ya mto, na kuuleta mashineni Ifakara. Ikishapakiwa magunia, kioo cha nyuma hakionyeshi kitu, na kwenye pantoni magari yalipanda kinyumenyume. Tulijaribu utingo wa kwanza, akamtumbukiza Ildefonce mferejini. Wa pili alikuwa anaita "njoo, njoo" huku anatazama wasichana wa samaki, tukagonga chuma cha pantoni. Basi ikabidi nipande mimi.

Nilisimama nyuma upande wa kulia, anaponiona kwenye kioo cha pembeni, nikamwita kwa mkono. Nikiinua kiganja juu, anasimama. Nyumbani alinibishia kila kitu, hadi chumvi ya mboga, lakini kiganja kile hakukibishia hata siku moja.

Na kwa kuwa nilikuwa nasafiri, mnunuzi nikawa mimi. Akina mama wa Lupiro walinijua. Mimi sikununua lumbesa. Nyinyi mnaijua lumbesa: gunia linajaa, halafu linaongezewa kichwa juu na kushonwa kwa kamba kama kilemba, na mkulima analipwa gunia moja tu. Gunia langu lilishonwa mdomo ukiwa sawasawa. Kwa hiyo walanguzi walikuja na malori yao, wakakuta mpunga umefichwa ndani, wanaambiwa huu ni wa Mama Joshua. Ildefonce alinung'unika njia nzima. "Wenzetu wanajaza, sisi tunafanya kazi ya sadaka." Nikamwambia gari lina mlango, akitaka ashuke. Gari lenyewe tulilinunua kwa mpunga niliolima mimi.

Mwaka ule baada ya mvua za Elinino, Teofili akaja na kamera. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko. Ilikuwa ndogo kama kiberiti cha njiti, aliinunua Kariakoo, imetolewa kwenye lori bovu la Ulaya, pamoja na runinga ndogo nyeusi na nyeupe inayokula betri ya gari. Ildefonce akaniketisha kwenye kigoda, akaniambia, "Mama Joshua, umechoka. Matope, mvua, mbu wa pantoni. Kaa nyumbani upumzike, hili jicho litafanya kazi yako." Nikalia kidogo. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kuniambia kwamba nimechoka.

Teofili alilala chali chini ya gari kutwa nzima. Kamera aliifunga nyuma, juu ya namba ya gari. Waya akaupitisha chini ya bodi, akaufunga kwa vipande vya mpira wa tairi la baiskeli usije ukaungua kwenye ekzosi, akaupenyeza ndani kwa dereva. Moto aliuchukua kwenye taa ya rivasi, ili gia ikiingia ya nyuma, kamera iamke yenyewe. Mimi nilimmulikia, nikampa koleo, nikampangusa jasho la jicho kwa khanga yangu. Kisha akanituma nikasimame nyuma.

"Inua mkono wa kulia, dada."

Nikainua. Ildefonce, ndani, akasema anauona upande wa kushoto.

"Kamera inakutazama usoni, ndiyo maana," Teofili akasema. "Tukiiacha hivi shemeji atakata usukani kusiko." Akafungua mgongo wa runinga, akabadilishana nyaya mbili nyuma ya kioo, na kulia kwangu kukawa kulia kwake. Akaniambia nirudi nyuma. Nirudi tena. Nirudi mpaka kwenye mgomba. Nikarudi huku nacheka, nikiwapungia kama mtoto anayepigwa picha.

Kuanzia hapo walikwenda wenyewe. Teofili alifunga kibanda siku za safari, akasema kamera ikikorofisha njiani nani ataitengeneza. Walirudi na mpunga mwingi kuliko wangu, nikajisemea, kumbe nilikuwa nawachelewesha. Siku moja Ildefonce akashuka na kuku mwekundu, kishingo asiye na manyoya shingoni, mnono. "Nimekununulia," akasema. Nilimchinjisha siku hiyo hiyo. Mimi nilipewa paja, na supu nikanywa hadi tone la mwisho.

Sasa, Oliva wa Lupiro, mmoja wa wale akina mama, alimleta mtoto hospitali, Ifakara, nikakutana naye sokoni kwenye meza za kambale. Mimi nimebeba kapu kichwani. Oliva aliniona akasimama, akafanya ishara ya msalaba.

"Mama Joshua. Unatembea?"

Nikamuuliza kwani nilikuwa natambaa.

"Si tuliambiwa umepooza upande mmoja," akasema. "Mumeo alitusimulia, na mdogo wako alikuwepo, machozi yakamtoka. Jumuiya nzima tumekusalia rozari. Kuku wa Mama Balbina ulimpata? Yule kishingo. Alisema kuku mwingine supu yake nyepesi, haifai kwa mgonjwa."

Nikashusha kapu chini.

"Na magunia tumeyajaza vilemba kama ulivyoagiza," Oliva akaendelea, hana habari, yuko na huruma tele. "Tulisema, Mama Joshua hajawahi kutuomba lumbesa. Akiomba leo, ujue dawa zimemshinda."

Niliketi kwenye benchi la muuza kambale, akanipa maji bila kuniuliza. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na aibu, lakini kitu kilichoniumiza zaidi ni kwamba bado nilikumbuka utamu wa supu ile. Wamechukua jina langu wakalifanya gunia, wakalijaza. Wameona mkono wangu ndio unaowazuia, wakatafuta kamera ili mkono ubaki nyumbani. Ildefonce nilimwelewa, alinuna miaka mingi kwa ajili ya vile vilemba. Teofili, machozi yale aliyatoa wapi? Kwenye msiba wa mama hakulia.

Nyumbani sikusema neno. Ningesema wangekana, na mwisho wa siku ingekuwa mimi na mdomo wangu. Nilisonga ugali, nikawauliza safari ni lini, wakanijibu. Siku ya safari niliwatangulia. Nilipata lifti ya lori la mbao, nikavuka mto, nikashuka Lupiro na vumbi hadi kwenye kope.

Balbina ni mama mtu mzima, na uwanja wake ndio tulioutumia kukusanya mpunga miaka yote. Magunia yalikuwa yamepangwa kati ya ghala na jiko, kila moja na kilemba chake, na akina mama wamekaa kivulini wanasubiri gari. Nilipoingia, waligeuka wote. Nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Balbina akasema. Alinitazama miguu, akapanda polepole hadi usoni. Hakuniambia karibu.

Kabla sijafungua mdomo, honi ikalia barabarani. Pikapu ikaja, ikapita mlango wa uwanja, ikasimama, gia ikaingia ya nyuma. Taa ya rivasi ikawaka. Nilijua jicho limeamka. Nikaenda nikasimama mbele ya magunia, mahali pangu pale pale, akina mama wako mgongoni kwangu. Gari likaanza kurudi. Lilirudi vizuri, limenyooka, kazi ya mdogo wangu ilikuwa safi. Nikainua kiganja.

Lilisimama pale pale. Injini ikazimika kwa mshtuko wa klachi. Mle ndani walikuwa wananiona kwenye kioo, mpooza wao, nimesimama kwa miguu miwili, na Lupiro nzima nyuma yangu.

Ildefonce alishuka. Teofili hakushuka.

"Baba Joshua," nikasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "waambie hawa mama zangu nimepooza upande gani."

Namjua, alikuwa anatafuta njia ya kupita. Akaipata, na ilipita juu yangu.

"Mbona unanigeuka mbele za watu?" akasema. "Si tulipanga wote? Kuku hukumla? Kamera hukushika tochi wewe mwenyewe ikifungwa?"

Kila neno lilikuwa la kweli isipokuwa lile la kupanga. Nilitaka kumrukia. Badala yake nikaenda kwenye dirisha la abiria. Teofili alikuwa ameinamia runinga, nayo bado inaonyesha uwanja, magunia, na pale nilipokuwa nimesimama.

"Teo, mimi ni dada yako. Waambie kama nilijua."

Hakuinua macho.

"Dada, tuache tu," akasema. "Tukayamalize nyumbani."

Basi. Mume ni mtu wa kukutana naye ukubwani, lakini huyu nilimtafunia chakula nikamlisha. Angesema neno moja tu, hapana, ningekuwa mzima mbele ya wale akina mama hadi leo.

Balbina alisogea. Hakumtazama Ildefonce kabisa, alinitazama mimi.

"Kuku alifika?"

"Alifika, mama."

"Ulimla?"

"Nilimla. Sikujua ni wa nini."

Alitikisa kichwa kwa namna ambayo sikuweza kuisoma. Kisha akawaambia wenzake wayafungue magunia, na vilemba vikamwagwa juu ya mkeka, kimoja baada ya kingine, bila kelele. Gari halikupewa hata kibaba. Lilitoka kwenda mbele, na mimi sikupanda.

Ildefonce sasa anabeba matofali ya watu. Mimi nalala kwa dada yangu Ursula. Teofili amepita mara mbili kuniamkia, nikamwitikia ndani bila kufungua mlango.

Mpunga ulipokauka tena nilinunua tetea mwekundu, kishingo, mnono kuliko yule. Nikamfunga miguu, nikampakata kwenye pantoni, nikaenda naye hadi kwa Balbina. Alikuwa anapeta. Nikamsalimu, akaitikia. Nikamwekea kuku miguuni, nikamwambia nimemrudishia wake, nikamweleza yote tangu tochi. Alinisikiliza hadi mwisho, wala hakunikatisha.

"Nimekusikia," akasema. "Labda ni kweli."

Kisha akamwinua yule kuku kwa mbawa, taratibu, akanirudishia mikononi.

"Nenda naye, mwanangu. Wangu nilimpa mgonjwa."