Mshenga wa Gari

Baba Mkubwa alikataa soda. Castory, meneja wa yadi, alikuwa ameshaifungua na kuiweka mbele yake, ya baridi kabisa, na mzee wa watu alikuwa analalamikia kiu tangu tupande bajaji kule Ujiji. Lakini aliisogeza pembeni kwa kidole kimoja na kusema, "Ahsante, mwanangu. Tutakunywa tukishaelewana."

Mimi yangu niliinywa. Nilikuwa nimeamka kabla ya alfajiri kupokea dagaa Katonga, nikawaanika kwa mikono yangu kwa sababu vibarua hawakutokea, na sasa nilikuwa nimeketi kwenye kochi la watu hapa Kigoma mjini na harufu yangu ya ufukweni. Sikuwa na nguvu ya kujifanya sina kiu.

Tulikuja kununua gari. Jina lake la kiwandani silijui wala silihitaji, kwa maana Kigoma nzima tunaliita Mgebuka, kwa vile lina pua nyembamba na mwili mrefu kama yule samaki wetu. Linabeba tani tatu, halinywi mafuta ovyo, na kwenye tope la Kalinzi linapanda bila kusukumwa. Kwa hiyo kila mtu analitaka. Warundi wanalitaka, Wakongo wanavuka ziwa na dola zao kulifuata. Kule Mwanga, mtaa wa hapa hapa mjini, kuna muuzaji mwingine, Abdulkarimu, nilipomwendea alicheka mpaka akashika meza. "Dada Kuruthumu, andikisha jina. Ukijaliwa utalipata kabla mwanao hajaoa." Mwanangu yuko darasa la nne.

Hapa kwa Castory lilikuwa limebaki moja, na mimi nilikuwa nimeshauza shamba. Shamba la michikichi la Simbo, aliloniachia mama. Watu walinisema sana, na sikuwajibu, kwa sababu hawajui kukodi gari kunavyomla mtu. Kwa miaka yote hii dagaa wangu wamepelekwa Kasulu na Telesphory, mwenye lile lori kuukuu la bluu. Telesphory si mtu mbaya. Tatizo lake ana gari moja na simu mia. Siku akipata mzigo wa saruji, dagaa wangu wanabaki mchangani na mvua inawakuta hapo hapo. Masika iliyopita nilimwaga mzigo mzima, nikalia mbele ya wavuvi bila hata kuziba uso. Sasa shamba limekwenda, pesa iko benki, na pesa ikikaa benki katika ukoo wetu inapata wagonjwa, inapata misiba, inapata ada za shule. Nisipopata gari mwezi huu, nitabaki sina shamba na sina gari.

Nilikuwa nimeshakuja peke yangu mara mbili, na kila nikija bei imepanda. Ndipo shangazi yangu Mwanvua akaniambia, "Unaendaje kununua kitu kikubwa hivyo bila mzee? Mchukue kaka Pazi."

Baba Mkubwa Pazi ni mshenga. Nusu ya ndoa za Ujiji zimepita mdomoni mwake. Sifa yake kubwa ni kuondoka. Wakwe wakitaja mahari, anasikiliza mpaka mwisho, anatikisa kichwa, ananyanyuka, anavaa makubazi yake taratibu na kutoka. Kabla hajafika barabarani, kuna mtu ametumwa kumkimbilia. Hajawahi kufika barabarani. Hadithi hiyo nimeisikia tangu nikiwa mtoto, kwenye kila harusi, na kila anayeisimulia anaigiza na mwendo wake.

Mtu aliyechoka akiambiwa kuna wa kumsaidia, haulizi huyo msaidizi anajua nini kuhusu magari. Nilikubali.

"Mwanangu Castory," Baba Mkubwa alianza, ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, "sisi tulikuwa tunapita zetu hapo nje, tukaona ua limechanua katika bustani yenu."

Castory akachungulia dirishani. Nje kulikuwa na kokoto, matairi na gari. "Ua lipi, mzee?"

"Gari," nikasema. "Anasema gari."

Baba Mkubwa akanikata jicho. Kwenye posa bwana harusi hafungui mdomo.

"Aa, gari!" Castory akatabasamu. Ni kijana wa Kasulu, mpole, ana adabu zake. Alimwamkia Baba Mkubwa kwa mikono miwili tulipoingia. "Mzee, bei ya leo ni milioni sabini na nne. Wiki iliyopita nilimwambia dada sabini na mbili, sikatai. Lakini yakija mengine yatakuwa yamepanda tena. Siyo mimi, mzee. Ni soko."

"Limefikaje hapa?"

"Kwa treni, kutoka Dar."

"Kwa treni." Baba Mkubwa akanigeukia, sauti imejaa masikitiko. "Yaani limeshatembea."

"Halijatembea, mzee, lilibebwa. Hata kilomita ishirini halina."

"Na hiyo rangi nyeupe, na vumbi letu hili jekundu? Litaonekana chafu kila siku. Nani atalitaka?"

Castory akacheka, nami nikacheka kidogo, Mungu anisamehe. Baba Mkubwa akataja milioni sitini na tano. Castory akaacha kucheka. Wakaenda hivyo, mmoja akisifu, mwingine akiponda, na mimi katikati nikiwaza dagaa. Benki nilikuwa na sabini na tano. Zilikuwa zinatosha. Nilitaka kusema zinatosha, tulipe, twende. Lakini kumkatiza mzee mbele ya mtu baki ni aibu ambayo ingefika Ujiji kabla yangu, na tena, nisijitakase, kila milioni ambayo angeipunguza ingekuwa bima yangu na mafuta ya mwezi wa kwanza. Nikamalizia soda yangu.

Mwisho Castory akashusha pumzi. "Kwa heshima ya mvi zako, mzee, sabini na tatu. Chini ya hapo bosi atanifukuza kazi."

Baba Mkubwa akatikisa kichwa. Nikajua kinachofuata. Alinyanyuka, akaenda mlangoni alikoyaacha makubazi yake, akayavaa, moja, kisha la pili.

"Basi, mwanangu. Haikuwa riziki yetu."

"Mzee, mimi siwafukuzi," Castory akasema, amesimama kabisa. "Ila niwaambie ukweli. Kuna mtu amepiga simu asubuhi hii analiulizia."

"Wapiga simu ni wengi," Baba Mkubwa akajibu, akatoka.

Nilimshika kanzu pale kwenye kokoto. "Baba Mkubwa, sabini na tatu ninazo."

"Tembea. Usigeuke nyuma."

Ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la yadi, kuna mama mmoja anaitwa Honorata anayeuza chai na maandazi. Tukakaa kwenye benchi lake. Baba Mkubwa alichagua kukaa amelipa mgongo lile geti, kwa makusudi, ili anayetumwa asidhani tunamsubiri. Akanywa chai vikombe viwili mfululizo, maskini, kiu yote ile.

"Sasa watatuma mtu," akasema.

Tukakaa. Mimi nilikuwa nalitazama geti kwa niaba yetu sote wawili. Hakuna aliyetoka. Upande wa Kongo mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya ziwa, na moyo wangu ukawa Katonga, macho yangu getini, mwili wangu kwenye benchi. Nilichoka kuwa sehemu tatu kwa wakati mmoja.

Akaja Telesphory. Alishuka kwenye bodaboda, amevaa shati la kanisani, mfuko mweusi ameukumbatia tumboni.

"Mwakeye, mzee!" akaamkia kwa Kiha. "Dada Kuruthumu, dagaa wanasemaje?"

"Wako mchangani. Nitakuhitaji leo."

"Hakuna shida, nitakupigia," akasema, akavuka barabara, akaingia getini.

Nilinyanyuka. Baba Mkubwa akanidaka kifundo cha mkono. Kwa mzee, ana mkono wa nguvu.

"Kaa."

"Baba Mkubwa, yule ana pesa kwenye mfuko."

"Kaa chini, Kuruthumu. Ukirudi mwenyewe umekwisha. Atakupandishia mpaka uuze na nyumba. Waache watume mtu."

Na mimi, mwanamke mzima, ninayewafokea wavuvi wenye vifua kama milango, nikakaa. Mpaka leo nikikumbuka nilivyokaa, napandwa na hasira upya. Sikukaa kwa sababu nilimwamini. Nilikaa kwa sababu kubishana kunahitaji nguvu na yangu ilikuwa imebaki Katonga.

Baada ya muda ambao sikuupima, geti likafunguliwa lote. Pua nyembamba ikatoka kwanza, kisha mwili mweupe mrefu. Telesphory alikuwa nyuma ya usukani, anacheka peke yake.

"Mgebuka huyo anaondoka," akasema Honorata, mwiko mkononi. "Ndiyo lilikuwa la mwisho hilo."

Baba Mkubwa alisikia injini. Hakugeuka.

"Yuko wapi?" nikamuuliza. Sauti yangu ilikuwa kubwa, watu wakatazama, sikujali. "Yuko wapi huyo mtu wa kutumwa, Baba Mkubwa?"

Alikiweka kikombe chake kwenye benchi. Kisha akasema, chini chini, "Mwanangu, mimi sijawahi kuondoka kweli."

"Unasema nini?"

"Kwenye posa. Siku moja kabla, huwa nakwenda kwa baba wa binti, tunakaa wawili tu, tunaelewana. Kesho yake yeye anataja kubwa mbele za watu, mimi nanyanyuka, yeye anatuma mtu. Kila upande unarudi kwao na heshima yake." Akafuta mdomo kwa kiganja. "Huyu Castory nilimpigia jana. Nikamwambia nakuja na binti yangu, usituangushe. Akasema, njoo mzee wangu, hatuwezi kushindwana. Nikajua tumemaliza."

Nilitaka kumtukana. Sijawahi kumtukana mzee maishani mwangu, na siku ile matusi yalikuwa yamepanga foleni kooni. Castory angemwambia maneno yale yale hata anayeuliza bei ya tairi. Lakini Baba Mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa, na ile kofia yake ya Ijumaa, aliyoivaa kwa ajili yangu, ilikuwa imelowa jasho pembezoni. Nikaona huruma, na huruma ikanichosha kuliko hasira.

Nikavuka barabara peke yangu, nikarudi ofisini. Ile soda yake ilikuwa bado mezani.

"Dada, nilidhani mmeghairi," Castory akasema, na uso wake ulionyesha kweli anasikitika. "Nilikaa naangalia dirishani kama mtarudi. Mwenzako ametoa sabini na nne bila neno."

"Mengine lini?"

"Baada ya mwaka mpya, labda. Kwa bei itakayokuwepo."

Nikamshukuru. Hata wa kumchukia sikumpata.

Nilipotoka, Telesphory alikuwa amesimamisha gari pale kwa Honorata, anawaonyesha watu redio. Baba Mkubwa alikuwa ameshapanda. Ameketi katikati, fimbo katikati ya magoti, anatazama mbele kama mtu aliyepakiwa na polisi.

"Mzee ananiambia magoti yanamuuma," Telesphory akasema. "Panda, dada, niwashushe Ujiji, halafu nifuate mzigo wako. Lile kuukuu nimeshaliuza, sasa tuko kisasa!"

Nikapanda. Viti vilikuwa bado na nailoni, ikalia chini yangu. Niliushika mlango, nikaufunga taratibu, na ulijifunga vizuri kweli. Hakuna aliyemwambia Telesphory tulikuwa tumefuata nini pale yadini, na sikuona faida ya kumwambia.

Tukaondoka. Tone la kwanza likadondoka kwenye kioo cha mbele, halafu jingine.

"Ila dada," Telesphory akasema, amekaza macho barabarani, "ile bei yetu ya Kasulu itabidi tuitazame. Hili nimekopa, unajua. Laki mbili na nusu haitoshi tena. Sasa ni laki nne."

Nikamsikia Baba Mkubwa akivuta pumzi. Pumzi ile naijua, ndiyo anayovuta kabla ya kuanza. "Mwanangu Telesphory, sisi..."

Nikamwekea mkono gotini. "Nyamaza, Baba Mkubwa."

Sikuwa nimewahi kumwambia hivyo.

"Sawa," nikamwambia Telesphory. "Laki nne. Geuza gari, Ujiji baadaye. Twende Katonga kabla mvua haijakolea."

Telesphory akapunguza mwendo, akanitazama, akamtazama mzee, akanitazama tena. Alikuwa ametaja nne ili nimshushe mpaka tatu, kama tulivyozoea.

"Dada, yaani hutaki hata tuongee kidogo?"

"Endesha, Telesphory," nikasema. "Endesha tu."