Kamba za Hema la Uani

Upepo ulipong'oa paa la fundi saa, haukugusa paa la mtu mwingine yeyote mtaani. Majirani walikuja kumpa pole huku kila mmoja akiyatupia jicho mabati yake mwenyewe, na wakakubaliana kwamba ajali haina kinga wala kafara. Fundi wa paa akaja, akapanda ukutani, akashuka, akasema mbao zote zimeoza. Itabidi ziagizwe nyingine, na kwa mvua hizi lori halitafika upesi. Ndipo binamu yake fundi saa, aliyekuwa akifanya kazi na watengeneza barabara, akawaazima hema la kambini na turubai la buluu la kulifunika kwa juu. Wakahamia uani.

Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba na miguu imemvimba. Mkunga alikuwa ameamuru alale, miguu juu ya mto, asishuke kitandani ila kwa haja. Kwa hiyo mama yake akaja kumwuguza. Hema likagawanywa hivi: kitanda cha mgonjwa upande mmoja, mkeka wa mama mkwe upande wa pili, katikati jiko la mafuta ya taa na ndoo mbili, na mlangoni, palipobaki, fundi saa. Alilala amejikunja kama kamba mkebeni. Mbele ya mkwewe hakuweza kunyoosha miguu, wala kuvua shati, na hata kukoroma aliogopa. Angekuwa na pa kwenda angekwenda, lakini barabara ilikuwa imegeuka mto na kibanda chake cha saa kilikuwa kimezama hadi kwenye kufuli. Kutwa kucha walikuwa watatu ndani ya kitambaa kimoja, wakisikilizana kupumua.

Sasa, fundi saa alikuwa mtu wa vidole. Springi nyembamba kama unywele aliirudisha mahali pake bila kutweta. Kamba ndiyo iliyomshinda. Alifunga vile anavyofunga viatu, fundo juu ya fundo, na kwa kuwa hakuliamini hata moja, akaongeza la tatu. Mvua ikinyesha kamba zile za nailoni zilirefuka, hema likalegea na maji yakatuama juu yake. Akitoka kuzikaza alikuta mafundo yameuma kama meno yaliyokazwa, hayafunguki. Basi alichomoa kisu, akakata, akafunga upya. Kwa wiki moja kila kamba ilikuwa imepungua urefu wa mkono mzima. Vigingi navyo vilisogea karibu, karibu zaidi, mpaka hema likasimama kama mtu aliyekabwa koo.

Mama mkwe aliyaona yote hayo. Kwa miaka ishirini na saba aliuza mitumba kwenye soko la wazi, chini ya turubai alilolifunga kila asubuhi na kulifungua kila jioni. Fundi saa alilijua hilo. Kila alipochukua kamba alimsikia mama mkwe akikohoa, kisha akamwona akigeuka kutazama upande mwingine. Alidhani ni dharau. Moyoni akajiapiza kwamba hatamwuliza neno, hata wakikesha majini.

Asichojua ni kwamba siku ile mama alipofika, kabla hajautua mkoba wake, binti yake alimkalisha na kumkumbusha yaliyompata dada yake mkubwa. Mama alikuwa amemfundisha mume wa yule dada namna ya kukaa, namna ya kula, hata namna ya kugongomea msumari, hadi mwanamume akafunga virago. Huyu wangu umwache, binti akasema. Mama akaapa kufunga mdomo, na kiapo kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku ya tisa, baada ya chakula cha mchana, mbingu ikafunga tena. Upepo ulitangulia, mvua ikafuata, na dhoruba haikuwa na mzaha. Kona moja ya turubai ilichanika penye tundu la shaba la kupitishia kamba, turubai likaanza kupiga hema makofi. Maji yakajaa kwenye kitambaa juu ya kitanda, kikashuka kama tumbo la ng'ombe, na mlingoti wa mbele ukainama. Mgonjwa alilala akiutazama unavyomjia. Kumhamisha hawakuweza, kwani nyumbani hakukuwa na paa na njiani maji yalifika kiunoni.

Fundi saa akatoka mbio. Akafunga fundo, likateleza. Akafunga tena, likateleza tena. Akaigeukia kamba ya mlingoti, iliyolegea na fundo lake limeuma, akachomoa kisu kama kawaida yake. Mtu akamshika kifundo cha mkono. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye matope, bila viatu, maji yakimtiririka usoni. Alikuwa akitikisa kichwa tu, midomo ameibana.

Fundi saa akatazama kisu, akatazama kamba. Ilikuwa imebaki fupi mno. Akikata mara hii haitafika kwenye kigingi. Akaona aibu, na aibu ile ikapita, kwa sababu mlingoti ulilia.

"Mama," akasema, "mimi sijui. Nifundishe."

Mama mkwe aligeuza uso kuelekea hemani. Na kutoka ndani, sauti ya binti yake ikaja, nyembamba, ya mtu aliyechoka.

"Mwambie, mama. Nimekufungulia."

Basi mama akachutama. Fundo lile lililouma hakulikata. Alisukuma kamba ndani yake toka pande zote mbili kwa kidole gumba, likalainika, likafunguka. Akamwekea mkwewe ncha mkononi.

"Izungushe kwenye kigingi, urudi nayo. Sasa mkia uviringishe kwenye kamba yenyewe, mara mbili, ndani ya kitanzi, ukielekea kigingi. Hapo. Toka nje ya kitanzi, viringisha mara moja tena kwa juu, upitishe mkia chini yake. Kaza. Haya, lisukume."

Akalisukuma. Fundo likapanda juu ya kamba kwa utii, kamba ikakazana, na alipoliachia halikurudi hata unywele. Mlingoti ukanyanyuka. Kwenye ile kona iliyochanika mama aliokota kokoto, akaliviringa ndani ya turubai kama mtu anayefunga sarafu kwenye pindo la nguo, akalizungushia kamba shingoni. Walizunguka hema lote hivyo, yeye akifunga moja, mkwewe nyingine. Maji yaliyotuama yakamwagika upande wa ukuta kwa kishindo, na ndani mgonjwa akasikika akicheka, au akilia. Nje hawakuweza kujua.

Hema likasimama. Lakini mvua haikukatika kwa siku sita zaidi, na mdomo wa mama mkwe, ukishafunguliwa, haukufungika. Alimfundisha kuchemsha chai. Alimfundisha kukunja blanketi, kutupa maji machafu, kukaa bila kuinamisha mgongo. Mkewe alimtazama kwa macho ya kusema, hayo ndiyo niliyoogopa. Fundi saa akawa anatoka kukagua kamba hata pale zisipohitaji kukaguliwa. Alisukuma fundo juu kidogo, akalishusha, akalipandisha tena, mvua ikimwosha mgongo, maana nje ya lile hema ndipo mahali pekee alipokuwa peke yake.

Lori la mbao lilifika siku ya ishirini na moja. Mtoto, wa kike, alizaliwa chini ya mabati mapya, salama na mwenye sauti. Siku mama mkwe alipokuwa akifungasha, fundi saa alimbebea mkoba hadi barabarani na akamshukuru kwa kukaa nao hemani siku zote zile. Mama akamtazama, akafuta jasho.

"Baba," akasema, "mimi nilitaka kurudi kwangu tangu siku ya tatu. Lakini ningepitia wapi?"