Mlango wa Wabuge

Nafundisha ubunifu katika chuo kimoja hapa Eldoret, na wanafunzi wananijua kwa ukali. Michoro mizuri sitaki. Anayebuni kitu cha mwaka 2045 akijenge, tuingie, tuishi siku moja ya huko mbele kwa miili yetu.

Wabuge, mwanafunzi wangu, alijenga chumba cha mbao nene chenye mlango wa chuma ambao, ukisikia vurugu, unajifunga wenyewe. Alisema ni wa miaka ya uchaguzi. Niliupenda kupita kiasi. Mama yangu aliungua ndani ya nyumba yetu Ainabkoi mwaka 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi, na tangu hapo nimewaambia watu kwamba mlango ulikuwa dhaifu.

Siku ya mtihani Wabuge alijifungia ndani, wenzake wakajifanya genge. Walianza kwa kucheka. Kisha marungu yao yakapata nguvu, matusi ya kikabila yakawatoka, na mchezo ukaisha. Ningeweza kuwazuia. Sikuwazuia, kwa sababu nilitaka kuuona mlango ukiwashinda. Ukawashinda.

Halafu betri ya mlango ikalipuka ndani ya chumba.

Moshi ulipotoka, genge lilelile likageuka kuwa waokoaji. Waliugonga mlango kwa mawe, kwa benchi, kwa mabega. Mmoja wao, Mabonga, alivunjika mfupa wa bega na hakuacha. Kila pigo lilizidi kuukaza. Ndani, Wabuge alipiga mayowe mpaka yakawa kikohozi. Nilinyakua shoka la karakana nikaanza kuupasua ukuta. Pigo la tatu lilikutana na kitu laini; Wabuge alikuwa akipapasa ufa kwa mkono. Nilijua ni nini, nikapiga tena kando yake. Tulipomvuta nje, ngozi ya mgongo wake ilibaki mikononi mwetu.

Wiki mbili baadaye, hospitalini, vidole vyake vitatu havikuwepo.

“Madam,” alisema, “hiyo mlango ilisikia mkikuja kunisaidia, ikadhani ni maadui. Ningeifunza aje kutofautisha?”

Niliketi kando ya kitanda, na kwa mara ya kwanza nikamwambia mtu ukweli. Mlango wa mama haukuwa dhaifu. Waliowasha moto walikuwa wameshaondoka. Aliyekuwa akigonga ni jirani yetu, ana shoka, anamwita kwa jina. Asubuhi tulikuta mabaki ya vitu ambavyo mama alikuwa akiviegemeza mlangoni kila jirani alipogonga: meza, kitanda, gunia la mahindi.