Nyongeza ya Marehemu

Jumatatu asubuhi, kabla mashine za kufulia hazijawashwa, meneja alipanga viti viwili ofisini, akafuta meza, akaomba kimoyomoyo. Alikuwa ametoka kufundishwa namna ya kuwaeleza wafanyakazi uamuzi kuhusu mishahara yao: anza na shukrani, sema uamuzi bila kuzungukazunguka, kisha nyamaza. Na kila mmoja aambiwe ana kwa ana.

Wa kwanza alikuwa mkunja mashuka. Alihitaji nyongeza ili akodi chumba kikubwa zaidi, amrudishe mwanawe aliyekuwa akilelewa kwa wifi yake.

"Tunakushukuru kwa kazi yako," meneja alisema. "Mwaka huu hukupata."

Akanyamaza.

"Umemaliza, bosi, au kuna jingine?"

"Nimemaliza. Hapa ndipo ninaponyamaza."

"Haya. Mungu yupo."

Wa pili alikuwa mama wa mkunja mashuka, aliyezikwa wakati wa mvua zilizopita. Alibisha hodi, akakung'uta udongo viatuni, akaketi pale alipoinuka binti yake. Kamati ya mishahara ilikuwa imegawa nyongeza kwa kufuata miaka ya utumishi, na miaka yake iliendelea kuongezeka kwa kuwa hakuna aliyeisimamisha.

"Pole na safari, mama. Tunakushukuru. Umepata nyongeza."

"Nimeingoja mpaka nikachoka, baba. Mpe mwanangu. Mimi nilikolala sidaiwi kodi."

"Nyongeza ni ya mtu mwenyewe, haihamishwi."

"Basi nitaipokea, nimpe mkononi."

"Mshahara hupitia benki, na benki imefunga akaunti yako. Waliambiwa umefariki."

"Nyinyi hamkuambiwa?"

"Tulikuja mazishini, mama."

Meneja akanyamaza, maana hatua hiyo ilikuwa imefika.

Kisha mama akakaza kitambaa chake kichwani, akaenda kwenye meza ya kukunjia. Binti yake alikuwa akihangaika na shuka pana. Tangu msiba alifanya peke yake kazi ya watu wawili. Mama akashika pembe za upande wa pili. Wakalivuta, wakalinyoosha, wakakutana katikati.

"Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo, mama. Bado yuko kwa wifi."

"Ameshasimama?"

"Wanasema ameanza kutembea."

Ofisini, meneja alimwita wa tatu. Mama akachukua shuka jingine.