Vipande Kumi na Vinne

Asubuhi hiyo kichochoro cha Kangle, mtaa wa mafundi nguo huko China, kilikuwa kimezibwa kwa mabati. Kila siku wenye karakana husimama pale wameinua nguo ya mfano, mafundi wanageuza mshono, wanatajiana bei, kisha wanapanda ngazi kushona. Leo haikuinuliwa hata nguo moja. Ukutani wameandika kwa rangi kwamba nyumba zitabomolewa.

Edina, mfanyabiashara kutoka Musoma, alisimama na begi lake. Ndege ni jioni. Gauni la buluu la mama yake, aliloazimwa kwa ahadi ya kulirudisha zima, lilikuwa kwa Bi Lan fundi, limefumuliwa vipande kumi na vinne ili yashonwe mengine mia mbili ya kufanana nalo.

"Laoban, bosi wangu, nina nguo humo," alimwambia mlinzi kwa Kichina chake cha sokoni.

"Meiyou. Hakuna kitu. Mji unapendezeshwa. Mto utang'aa."

"Mto! Nani kakuuliza mto?"

Simu ikalia. Bi Lan. Vipande ameviokoa kwenye mfuko wa mchele, ila cherehani zimefungiwa ndani. "Njoo kiwanda cha zamani, kule mtoni."

Kiwandani humo Bi Lan alishona tangu ana miaka kumi na minane. Siku hizi ni mkahawa, matofali yamesuguliwa hadi yanapendeza, kikombe cha kahawa kinauzwa ghali kuliko mshahara wake wa wiki wa enzi zile. Pembeni, nyuma ya kamba, cherehani moja ya kukanyaga. Kibao: Usiguse.

"Hii naijua," Bi Lan alisema. "Huvuta kushoto."

"Mama, watatufukuza!"

Bi Lan ameshavuka kamba. Akapuliza vumbi, akatia mafuta ya kichupa chake, akakaa. Uzi uliowekwa pale ni mwekundu tu. Mkono, kwapa, kola. Aliyefumua ndiye ajuaye kipi kinakwenda wapi. Wateja wakapiga picha na makofi, wakidhani ni maonyesho, na mlinzi wa mkahawa akaona haya kumkatiza. Kilipoingia kipande cha kumi na nne, akasema, "Sasa tokeni," akaifunga kamba.

Nje, Bi Lan alipapasa mshono. "Nyumbani wakufumulie, washone kwa buluu."

"Hafumui mtu." Edina alilikunja gauni taratibu. "Na yale mia mbili, yote yashone hivi hivi. Uzi mwekundu, uonekane."

Bi Lan akacheka kidogo. "Uzi upo," alisema. "Chumba cha kushonea ndicho meiyou."