Kiraka cha Seremala

Majibu ya maabara yalikuwa mazuri, na mpimaji aliyapeleka mwenyewe badala ya kupiga simu, maana wenye nyumba hii walikuwa wamemkaa moyoni. Seremala mstaafu na mkewe. Mama alivunjika nyonga miezi minane iliyopita, na kiti chake cha magurudumu hakikuweza kupita kwenye ujia mwembamba wa kwenda jikoni. Tangu hapo mzee ndiye mpishi, na mama anakula kwa uvumilivu mkubwa. Sasa ukuta kati ya chumba chao na jikoni ungebomolewa wote, mama arudi kwenye himaya yake. Lakini ulikuwa ukuta wa mabamba ya zamani, ya enzi zile saruji ilipochanganywa na asbestosi, na vumbi lake likishaingia mapafuni halitoki, hivyo ilibidi upimwe kwanza.

"Safi," mpimaji alisema, akiweka karatasi mezani. "Hakuna hata unyuzi mmoja."

"Si nilikwambia!" Mzee alijipiga paja. "Kesho asubuhi fundi anakuja na nyundo yake."

Mama hakushangilia. Alisogeza kiti chake hadi ukutani. "Ulikata wapi, mwanangu?"

Mpimaji akaonyesha pale katikati, nyuma ya kalenda, mahali alipoonyeshwa na mzee. Alipalowesha kwa maji ya sabuni, akakata kipande kisichozidi ukucha, akapaziba. Kipande kimoja tu. Kazi inataka vitatu, kutoka sehemu tofauti, na alilijua hilo vizuri. Ila ukuta ulionekana mmoja, na soga za mzee zilikuwa tamu.

Mama alitazama kule ujiani, kulikotoka harufu ya vitunguu vilivyoungua. Kisha akamgeukia mumewe.

"Baba watoto, sema mwenyewe."

"Niseme nini tena?"

"Hapo palikuwa na mlango. Mama yako alilala chumba hiki, na kila nikipika anaingia kufunua sufuria zangu. Nikakwambia uuzibe, ama zangu ama zake. Ukauziba kwa ubao mpya, ukapiga lipu mpaka mimi mwenyewe sikuuona mshono. Mtoto wa watu kapima kiraka chako."

Mzee aliangalia ndala zake. "Nilitaka uingie jikoni, basi. Mabamba haya nimeyakata kwa msumeno ujana wangu wote, na nipo."

"Na mimi nataka uendelee kuwepo."

Mpimaji aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Alimkasirikia mzee kidogo, akajikasirikia mwenyewe zaidi. Aliwatoa nje, akavaa barakoa, akakata vipande viwili, kulia na kushoto, nje ya kiraka. Siku nne baadaye majibu yakaja: asbestosi, pande zote mbili.

Hayo nayo aliyapeleka mwenyewe. Kuubomoa ukuta kulihitaji watu wenye mavazi maalumu, na foleni yao ilikuwa ya miezi. Mzee alishika kichwa.

"Haya, si tumeshazoea," mama alisema, lakini sauti ilimkatikia njiani.

Mpimaji alikuwa bado amesimama mbele ya kalenda. "Mzee, mlango wenyewe ulikuwa na upana gani?"

"Mabawa mawili. Tulipitishia kabati hapo."

"Na kiraka ulikipigilia misumari?"

"Misumari?" Mzee alijisikia kutukanwa. "Skrubu, binti yangu. Kina fremu yake ya mbao, na lipu imeishia kwenye fremu. Bamba la zamani hakiligusi hata kwa bahati mbaya."

"Basi tutakitoa kiraka peke yake," mpimaji alisema.

Wiki iliyofuata mpimaji alisimamia kazi mwenyewe. Mshono uliloweshwa, ukakatwa taratibu, kisha bisibisi ya mzee ikamaliza yaliyobaki, bila nyundo wala vumbi. Mabamba ya pembeni yalipigwa rangi nzito, na mzee aliapa kutoyagusa tena.

Kiti kilipita, kikabakiza nafasi ya kiganja kila upande. Mama alifika katikati ya jikoni kwake, akatazama kushoto, akatazama kulia. Halafu akanyoosha mkono kwenye jiko na kufunua sufuria ya mumewe.

Mzee alicheka mpaka akashika ukingo wa mlango. "Mama yangu huyo karudi!"

"Marehemu leo nimemwelewa," alisema mkewe, akinusa. "Hebu lete chumvi."