Shina la Mgomba kwa Ajili ya Wabuge

Mwanangu Shitanda alifika Jumamosi asubuhi pamoja na vijana wawili wa kanisa, kila mmoja na jembe lake. Kabla ya kuingia alikwangua matope ya viatu kwenye jiwe la mlangoni, kwa sababu anajua anayepiga deki ni Maximilla, na Maximilla alikuwa na mimba kubwa. Nikaliona hilo na kumshukuru moyoni, ingawa nilijua kilichomleta.

Alikuja kumzika mjukuu wangu Wabuge, na Wabuge hakuwepo.

Kwetu, mtu akifia mahali ambapo mwili wake hauwezi kuletwa nyumbani, tunakata shina la mgomba, tunalilaza kaburini badala yake na kulilia kama mtu. Hapo ndipo nyumba inatulia. Tulitoka Bungoma zamani, sasa tunaishi hapa Yamumbi, nje kidogo ya Eldoret, lakini desturi hiyo tulikuja nayo. Shitanda alikuwa ameshachagua mgomba, ule mnene ulio karibu na tangi la maji.

Wabuge, mume wa Maximilla, aliondoka akiambiwa anaenda Ulaya kuendesha lori la ghala. Walipofika kule, yeye na rafiki yake Simeon wa Moi's Bridge, walivalishwa nguo za jeshi na kupelekwa vitani kubeba maji na risasi. Baadaye Simeon alimpigia Shitanda simu akilia, akamtumia video ya maadui iliyosambaa mtandaoni. Droni ilikuwa imegonga lori la Wabuge. Tangu siku hiyo simu ya Wabuge haikupatikana, na ya Simeon pia ikazimwa.

Video hiyo mimi sikuwa nimeiona. Shitanda alinificha, na hakufanya hivyo kwa ubaya. Wabuge ni mtoto wa mdogo wake aliyefariki, na mimi ndiye niliyemlea.

"Mama," Shitanda alisema baada ya kunywa chai, "wazee wa ukoo wanauliza. Mtoto anakaribia kuzaliwa. Afadhali azaliwe mambo yakiwa yamekwisha."

"Yamekwisha namna gani?"

"Tumzike baba yake. Maximilla anyolewe, akae matanga, alie amalize. Sasa hivi yeye si mke na si mjane. Hayo ni maisha?"

Maximilla alikuwa jikoni akikata sukuma wiki. Kisu kikanyamaza.

"Na tukishamzika," nikauliza, "nani atamtafuta?"

"Hakuna wa kutafutwa, Mama."

"Nauliza tu. Mtu aliyezikwa, kuna anayempigia simu?"

 Alitoka nje, akachora mstari kwa majivu mahali ambapo kaburi lingechimbwa. Nami nikachukua kigoda changu na ungo wa maharagwe, nikaenda kuketi katikati ya ule mstari.

Vijana wakatazamana. Mmoja wao, George, anayepiga ngoma kanisani, akaniambia kwa upole, "Mama, songa kidogo."

"Nikisonga nitamwaga maharagwe."

"Tutakuokotea."

"Na nyinyi mtakula nini mkimaliza kuchimba, kama sijachambua?"

George akacheka, kisha akaona uso wa Shitanda, akauma mdomo.

"Mama, unanifanya nini mbele ya watu?" Shitanda akauliza.

"Hakuna nilichokufanya, baba. Nachambua maharagwe."

Yeye ni mtu mkubwa, ana wajukuu, na kwa kanisa watu wanamwogopa. Lakini hakuweza kuniinua pale. Alisimama tu, mikono nyuma, akitazama mahindi.

Ndipo Kibet akaingia na chupa ya maziwa. Mama yake, Jepkosgei, ndiye jirani yetu, na tangu habari ya Wabuge ifike hajaacha kutuletea maziwa, wala hajawahi kutuuliza tunayatumiaje. Kibet mwenyewe ana kazi kule Moi's Bridge. Anarusha droni zinazonyunyizia mahindi dawa kwenye mashamba makubwa. Yeye huniita Gogo, yaani nyanya kwa lugha yao.

"Gogo, leo unauza maharagwe hapa nje?"

"Kuja karibu, Kibet. Wewe ni mtu wa droni. Nataka unionyeshe ile iliyomgonga Wabuge."

Kibet akamtazama Shitanda.

"Hapana," Shitanda akasema. "Hiyo si kitu ya mama kuona."

"Baba yako alipokufa nilimwosha mimi," nikamwambia. "Na ndugu yako nilimwosha mimi. Nipe hiyo simu."

Akaitoa mfukoni. Kibet hakuniambia nisimame. Alichuchumaa kwenye matope na suruali yake nzuri, akashika simu mahali macho yangu yanapofika, na kabla ya kufungua video akazima sauti.

Niliona barabara ya matope na miti isiyo na majani. Niliona lori la kijani kutoka juu, kama kunguru anavyoona. Lori likakua. Mlango wa dereva ukafunguka, mtu akatoa mguu nje. Lori likazidi kukua mpaka likajaza kioo chote, kisha kioo kikawa na chembechembe nyeupe, basi.

"Iendelee," nikasema.

"Imeisha, Gogo."

"Mbona imeisha kabla sijaona?"

Kibet akafikiri namna ya kuniambia. "Hii si kama yangu. Yangu ikimaliza dawa inarudi, naibadilishia betri. Isiporudi, bosi atanifuata mpaka kwa mama. Hii hapa inaenda tu, hairudi. Ni ndogo, imefungiwa bomu, na mbele ina kamera. Mwenye kuirusha amekaa mbali, amevaa miwani, anaona kile kamera inaona. Ikigonga, kamera inakufa kwanza."

"Inakufa kabla ya mtu?"

"Kabla ya kila kitu."

Shitanda alikuwa amesogea, amesimama nyuma yetu.

"Kwa hivyo huyo aliyeirusha," nikauliza, "yeye mwenyewe hajui alimuua nani?"

"Kama hakukuwa na nyingine juu ikitazama, hajui. Anaona zile chembechembe tu, kama sisi."

"Kibet," Shitanda akasema, "usimpe mama matumaini ya bure."

"Sijampa, mzee. Inawezekana Wabuge alikufa hapo. Wengi hufa. Nasema tu hii video haijui."

Maximilla alikuwa ametoka jikoni, kisu bado mkononi, akaiona video juu ya bega langu. Nilidhani atalia. Akasema polepole, bila kumtazama baba mkwe wake usoni, kwa heshima, "Baba, mimi ukinambia ninyoe, nitanyoa. Lakini nikinyoa, nitakuwa nimeacha kumngoja. Na huo mguu nimeuona ukitoka nje."

Shitanda akamtazama kwa muda. Akaniangalia mimi, na ungo wangu. Nilijua anawaza wazee wa ukoo, kile watasema kuhusu mtu mzima anayeshindwa na mama yake. Mwishowe akapiga majivu kwa kiatu mpaka mstari ukapotea upande mmoja.

"Mpaka tuvune mahindi," akasema. "Tukivuna na hatujasikia kitu, Mama, utaondoa hicho kigoda."

"Nitakiondoa mwenyewe."

George na mwenzake waliweka majembe chini, wakakaa, wakanisaidia kuchambua.

Kuanzia hapo tulitafuta. Kibet aliandika kwenye makundi ya simu ya Wakenya walio kule. Maximilla alirekodi sauti yake, akataja jina la Wabuge, la baba yake na la hapa nyumbani. Na Shitanda, yule aliyekuja na majembe, ndiye aliyepanga foleni mjini na picha ya Wabuge mfukoni, akarudi bila jibu, akaenda tena. Watu wengine walitujibu kwa matusi kwamba vijana wetu walijipeleka wenyewe. Wengi zaidi walituombea. Mtoto akazaliwa, wa kiume. Mahindi yakakauka, majirani wakaanza kukata yao, na yetu Shitanda hakuyagusa. Alisema bado yana unyevu. Nilivunja punje moja kwa jino, nikaikuta ngumu kabisa, nikanyamaza.

Mchana mmoja simu ya Maximilla ikalia kwa namba ndefu. Alikuwa msichana anayeitwa Akumu, mtu wa Kisumu, anayesomea uuguzi kule Ulaya na kufanya usafi katika hospitali. Alisema kuna mwanamume Mwafrika aliyeletwa bila karatasi yoyote, mikono yote miwili imeungua, sikio moja halisikii. Madaktari hawakuelewa lugha yake, wala hawakujua wamwite nani. Akumu alimwekea ile sauti ya Maximilla kwenye sikio lililo zima.

"Amelia mpaka nimeogopa," alisema. "Ngojeni, nimemshikia simu."

Tukasikia pumzi. Kisha, "Max?"

 Maximilla alinipa simu, akamchukua mtoto akaketi chini.

"Ni Kukhu, nyanya yako," nikasema. "Sema polepole, tunakusikia."

"Kukhu, niliruka. Nilisikia ikilia kama pikipiki, nikaruka, lakini moto ulinifikia."

"Uliruka vizuri. Mke wako amejifungua. Kijana."

 Nikajua anachoogopa kuuliza, maana kwetu jina la mtu hupewa mtoto baada ya mwenyewe kufa.

"Mmemwita nani?" akauliza. "Mmempa jina langu?"

"Jina lako si unalo wewe? Huyu bado tunamwita Mtoto. Tunangoja baba yake aseme."

Shitanda alikuwa mlangoni. Alivua kofia, akanyoosha mkono apewe simu, na alipoishika akapumua tu ndani yake.

"Huyo ni baba mkubwa," Wabuge akasema upande wa pili. "Najua hiyo pumzi."